Ubao Uliolala Kushoto

Ipogolo, chini ya mlima,
S.L.P. ya parokia,
Iringa.

8 Septemba 2024

Mpendwa dada Eveline,

Kamwene, dada. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na shemeji Rabson mgongo wake umepoa? Musoma huko nasikia joto limeanza mapema. Sisi huku bado tunavaa masweta mpaka saa nne asubuhi, upepo unateremka mlimani kama umetumwa. Mimi mzima. Kikohozi kilichonishika Julai kimekwisha, nilikunywa tangawizi mpaka nikaichukia. Mama naye mzima, miguu tu, na anakuombea kila rozari.

Utashangaa kuona barua siku hizi ambapo hata kuku wana simu. Sababu unaijua. Kila nikikupigia nikataja jina la Dastan, unasema mtandao mbaya halafu unakata. Mtandao mbaya! Basi karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho, na ukiikunja katikati, itakuwa bado ipo.

Najua utaniambia Dastan ni kaka yetu, mtoto wa baba mdogo Gerson, damu moja. Sawa. Lakini wewe siku ya kikao cha ukoo hukuwapo, ulikuwa umejifungua. Ngoja nikusimulie nilivyoiona mimi, maana baba mdogo alivyokusimulia kwenye simu najua alipaka asali.

Ilikuwa siku ya arobaini ya baba. Watu wamekula, wameshiba, mabenchi yamepangwa uani. Baba mdogo Gerson akasimama kugawa vitu vya marehemu. Koti kwa huyu, redio kwa yule. Akafika kwenye sanduku la zana za kukatia maua ya mbao, yale ya kupambia magitaa. Dada, mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu. Miaka kumi na moja nimekata maua ya magitaa pembeni ya baba, hakuna mtu Ipogolo asiyejua. Nikasikia: "Zana za kiume haziendi kwa binti. Ataolewa, atazipeleka ukoo wa watu. Sanduku ni la Dastan." Kisha akaniangalia kwa huruma, akasema: "Faustina yeye achukue lile sufuria kubwa la msiba."

Sufuria! Lina ukubwa wa kuchemshia nguruwe mzima. Nimelipata, ninalo.

Dastan simnyimi haki yake. Kuunga sanduku la gitaa anajua, kukunja mbavu kwa maji moto anajua, shingo zake zimenyooka. Lakini ua hakuwahi kukata hata jani moja. Baba alikuwa hamruhusu mtu kukaa kwenye kile kiti chake ila mimi, na unakumbuka kwa nini. Sote wawili mashoto. Bibi alinipiga mkono kwa mwiko kila nilipogusa ugali kwa kushoto, na baba akawa anasema, "Mwacheni, huo mkono nina kazi nao." Ndiyo kazi yenyewe ilikuwa hii.

Nikueleze kidogo, maana wewe ulikuwa unakimbia vumbi. Ukitaka ua la mbao ya mlimao likae ndani ya mninga bila kuonyesha mwanya, unalaza mbao mbili pamoja, moja juu ya nyingine, unakata zote kwa mpigo mmoja. Kisumeno ni kile cha upinde, cha masonara, uzi wake wa chuma mwembamba kama unywele wa mtoto, unaupaka nta kwanza. Chini ya kazi kuna ule ubao mdogo wenye mkato wa pembe tatu mbele, unabanwa mezani kwa jiriwa. Sasa ule ubao wa baba haukuwa sawasawa. Ulikuwa umelala kushoto, kidogo sana, huwezi kuona kwa jicho, unaona kwa kidole. Kwa sababu umelala, ua linatoka pana juu na jembamba chini, kama kizibo cha chupa, na tundu lake vivyo hivyo. Unalisukuma kwa dole gumba linakaa, linang'ang'ania lenyewe, gundi ni ya adabu tu. Baba aliukwangua ule ubao miaka mitatu mpaka ukamtii. Ukizidisha mlalo, ua halizami, ukipunguza, linapwaya.

Lakini mlalo ule ni wa mkono wa kushoto. Mtu wa kulia akikaa pale anazungusha kazi upande mwingine, na kizibo kinageuka. Ua linatoka dogo, tundu linatoka kubwa. Hapo ufanyeje? Unajaza mwanya kwa gundi na vumbi la mbao, unapiga msasa, unapaka vanishi. Masika yote linapendeza. Kiangazi kikiingia, mbao zikikauka, ua linaanguka.

Siku Dastan anapakia sanduku kwenye gari kwenda Mbeya, aliutoa ule ubao akaupapasa. Akaniuliza, "Dada, huu mbona umelala? Ulinyeshewa?" Nikamtazama. Nikamwambia, "Huo ndio ubao wa baba. Ulivyo ndivyo ulivyo, usiuguse." Akasema asante dada. Akaondoka.

Sikusema uongo hata neno moja. Na nilipokupigia siku ile nikicheka, wewe hukucheka. Ulisema, "Mwambie, Faustina." Nikakujibu, "Thubutu!" Ukakata. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunikatia.

Basi nikaenda zangu Ilula kuuza nyanya. Miaka miwili, dada. Nakimbilia mabasi na ndoo kichwani, naning'inia kwenye madirisha, "Mama chukua hizi, ngumu, zinafika Dar," na vidole hivi vilivyokuwa vinakata mshipa wa jani vinapanga nyanya mafungu. Watu waliniambia nitafute kisumeno kingine, nichonge ubao mwingine. Nilichonga nne. Hakuna uliokaa. Na kusema kweli sikuutaka mwingine, niliutaka ule. Kila basi la Mbeya likisimama nilikuwa najisemea, subiri, kiangazi kinakuja.

Kiangazi cha kwanza hakikuleta kitu, Dastan alikuwa bado anauza magitaa yasiyo na maua. Ndipo akapata kazi kubwa. Kwaya ya usharika mmoja kule Mbeya wana jubilei Novemba, wakaagiza magitaa saba, kila moja na ua kichwani na duara la majani kuzunguka tundu la sauti. Waliagiza maua ya baba, mzee Liberatus Kalinga, wanayajua. Na Pendo, yule tuliyesoma naye, anaimba kwenye kwaya hiyo. Ndiye aliyeniletea maneno. Walimuuliza Dastan, mbona tulisikia maua alikuwa anayakata binti wa mzee? Akajibu mbele ya kwaya nzima: "Nani, Faustina? Yule alikuwa anafagia vumbi."

Anafagia vumbi.

Pendo alinisimulia pale pale barabarani Ilula. Nilimwaga ndoo nzima ya nyanya, si kwa kusudi. Ningeweza kumsamehe sanduku. Sanduku alipewa na wazee. Lakini neno hili alilitoa mwenyewe, kinywani mwake, kuhusu mimi niliyemfundisha hata kunoa patasi. Siku hiyo niliapa, Eveline, na sikuapa kanisani.

Mungu si Athumani. Magitaa yalikabidhiwa Machi, mvua zinanyesha, wakayasifu. Juni baridi ikaingia, na ule upepo mkavu wa Mbeya unaujua. Ua la kwanza lilianguka kwenye mazoezi. La pili likaanguka ibadani, kwenye sadaka ya pili, likatua ndani ya kikapu. Mzee wa kanisa akalitoa, akalipeleka mezani pamoja na sadaka. Pendo anasema hakuna aliyeweza kumaliza ubeti. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nimepatwa na nini.

Agosti akaja mtu hapa nyumbani, mpole, ana koti la kaunda suti, anaitwa Masumbuko, katibu wa ile kwaya. Amebeba gitaa kwenye shuka. Akaliweka mezani, akasema, "Mama, tunamtafuta aliyekuwa anafagia vumbi." Alisema kwa adabu zote, lakini alikuwa ameshayajua yote. Nilimpenda papo hapo. Nikalitazama gitaa. Sanduku zuri, shingo nzuri, na kichwani tundu tupu lenye makoko ya gundi pembeni kama uji uliokaukia sufuriani. Nikasema, nitayatengeneza yote saba kabla ya jubilei. Kwa sharti moja: Dastan alete sanduku la baba yeye mwenyewe, mpaka hapa, na aje na fagio.

Unakunja uso, nakuona. Subiri.

Walikuja Jumamosi ya tarehe 31. Dastan, baba mdogo Gerson, na Masumbuko kama shahidi. Dastan amekonda, shingo imebaki kama ya kuku wa kideri. Kwapani amebana fagio jipya, kamba yake haijafunguliwa. Nilikuwa nimeifungua karakana ya baba, vumbi la miaka miwili limekaa, sikuligusa makusudi. Nikamwonyesha sakafu.

Alifagia, dada. Alianzia kwenye kona ya dirisha, akapita chini ya meza, akainama mpaka uvunguni. Baba mdogo aliangalia viatu vyake muda wote. Mimi nilikaa kwenye kiti cha baba nimekunja mikono. Nilifurahi. Nisikudanganye, sina sababu ya kukudanganya, nilifurahi mpaka meno yakauma. Nikasema moyoni, malipo ni hapa hapa, na bado.

Halafu nikafungua sanduku. Kisumeno kipo, mpini wake bado mweusi kwa jasho la baba. Tupa zote tatu. Nta. Jiriwa. Na ubao umeviringishwa ndani ya aproni ya baba kama mtoto. Nikautoa, nikaubana mezani, nikapitisha kidole.

Ulikuwa sawasawa.

Nikapitisha tena. Sawa kabisa, kama meza ya dukani. Hata lile bonde dogo lililochimbwa na dole gumba la baba miaka yote halipo. Nikasikia sauti yangu inauliza, "Umeufanyaje?"

Dastan akasimama na fagio mkononi. "Niliupiga randa, dada. Maua yalipoanza kuanguka. Nilisema labda ndio huu unaniharibia, umepinda."

"Nilikwambia usiuguse!"

"Uliniambia," akasema. "Sikuugusa mwaka mzima na zaidi. Hukuniambia kwa nini."

Akanitazama, si kwa hasira, Eveline, ingekuwa kwa hasira ningejua la kufanya. Akauliza taratibu, "Ulikuwa unajua?"

Baba mdogo aliinua kichwa. Masumbuko naye. Ningeweza kukana. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Dastan aliinama akaendelea kufagia, ijapokuwa palikuwa pameshakuwa safi.

Walipoondoka nilijaribu. Nilichukua kipande cha mlimao na kipande cha mninga, nikafunga uzi, meno yakitazama chini, nikakaa kwa mkono huu huu wa kushoto nikakata ua dogo la petali tano. Nililikata vizuri, mkono haujasahau. Nikalisukuma kwenye tundu lake. Lilipita moja kwa moja likaanguka sakafuni. Mwosha huoshwa, ndivyo wanavyosema. Mimi nilikaa pale mpaka mama akaniita kula, sikwenda.

Usidhani nimemsamehe. Sijamsamehe. Neno la vumbi hajalifuta, na mimi sijamwomba alifute, nataka alitafute mwenyewe. Anakuja kila asubuhi kutoka kwa baba mdogo, anabandua makoko ya gundi kwenye magitaa, anasafisha matundu, anayapanua kidogo nipate pa kuanzia. Kazi yake safi. Hatuzungumzi. Akimaliza anachukua fagio. Sijamwambia afagie, na sijamwambia aache.

Na baba mdogo Gerson, sikia hili, juzi amemtuma mtu kuazima sufuria kubwa, wana kipaimara cha mjukuu. Nimemjibu kwamba sufuria ni urithi wangu, nikiolewa nitakwenda nalo. Hilo sitalitubu hata kwa padri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, maana ungenikatia kabla sijafika.

Nimechonga ubao mpya wa mninga, kama ule wa baba. Ninachokosa ni mlalo. Kidole changu kinaukumbuka, lakini kila nikikwangua nazidisha au napunguza, na magitaa ni saba, jubilei ni Jumapili ya pili ya Novemba. Nilibandua maua ya Dastan ili nisome mlalo kwenye ubavu wake, yalikatwa ubao ukiwa bado mzima. Hausomeki, amezitafuna kingo zote kwa tupa akilazimisha yaingie. Magitaa ya baba yako mikononi mwa watu, na baada ya haya nani atakubali niguse la kwake?

Limebaki moja. Lile ua kwenye kijisanduku chako cha nyuzi na sindano, alichokupa baba wiki ya harusi yako. Alilikata mwenyewe, kwenye ubao ule, mimi nilikuwa nimesimama napuliza vumbi. Ubavu wa ua lile ndio utakaoniambia ubao ulilala kiasi gani. Ningelipima kwa kipande cha bati, nikakwangua mpaka vilingane.

Najua ninachokuomba. Najua ni kitu pekee ulichoondoka nacho hapa, na najua ukilibandua linaweza kupasuka, halitakaa tena kama alivyoliweka yeye. Ukikubali, weka kitambaa kibichi juu yake, gusisha pasi ya moto kidogo tu, gundi italegea. Ingiza ncha ya kisu cha matunda pembeni, inua. Litatoka kwa juu, maana pana ni juu. Lifunge kwenye pamba, mpe kondakta wa basi la Dodoma, nitalifuata mwenyewe huko.

Ukiona sistahili, liache lilivyo. Usinipigie kunieleza. Wewe uliniambia niseme, nikakaa kimya nikacheka, mpaka ubao ukaisha. Leo wewe ndiye uliyeshika kitu na mimi ndiye ninayeuliza. Ukinyamaza nitaelewa kunyamaza kwako kumetoka kwa nani.

Mama anakusalimu sana, anasema watoto waje Krismasi. Msalimie shemeji Rabson, mwambie pareto ya kwao mlimani mwaka huu imekubali. Wabusu watoto, yule mdogo mwambie mama mdogo mkali anamtafuta. Mama mdogo Damari naye anasalimia. Baba mdogo Gerson hajatuma salamu, lakini mpe tu.

Mungu akae nyumbani mwenu, awakinge na maradhi ya ziwani, na auongoze mkono wako siku utakapoishika ile pasi, au siku utakapoiacha.

Wako akupendaye hata ukinikatia simu,
mdogo wako,

Faustina